Kuhama jimbo Marekani na ndoa ya jinsia moja: makaratasi ya kubeba

Mpwa wangu anahama Minnesota kwenda Texas na mke wake. Mimi huandaa makaratasi ya watu hapa Mwanjelwa, Mbeya, basi nimemwandikia hivi.

Ombeni nakala rasmi ya cheti cha ndoa, yenye muhuri, kwenye kaunti iliyokitoa. Fotokopi haitoshi.

Texas haiwezi kuikataa ndoa yenu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo Juni 26, 2015, katika kesi ya Obergefell. Kisha sheria aliyosaini Rais Biden Desemba 2022 ikayataka majimbo yote yaitambue ndoa iliyofungwa kihalali kwingine. Haiyalazimishi kufungisha ndoa mpya, ila ninyi mmeshaoana.

Penye uzito ni mtoto. Jina la mzazi kwenye cheti cha kuzaliwa laweza kupingwa. Mama ambaye hakumzaa na amuasili mahakamani kabla hamjahama, kwa sababu hukumu ya mahakama ya jimbo moja huheshimiwa na majimbo mengine. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliilazimisha Alabama kuitambua hukumu ya kuasili iliyotolewa Georgia. Wakili ana gharama, najua. Hapo wanangu msibane senti.

Kila mmoja aandike pia hati ya kumruhusu mwenzake kumwamulia matibabu, kwa fomu ya Texas.

Mkija kutusalimia, kumbukeni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, na sheria ya jinai ina kifungo kirefu kwa mapenzi ya jinsia moja. Cheti hicho kiacheni Texas.