Namna ya Kukagua Mazalia ya Mbu Nyumbani Kila Wiki

Katika joto la Dar es Salaam na pwani yote, yai la mbu huweza kufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi, na kwa sababu hiyo ukaguzi wa mazalia hauna budi kurudiwa kila wiki. Chukua tochi, brashi ngumu na bakuli jeupe, kwa kuwa viluwiluwi huonekana vizuri zaidi maji yanapochotwa kwenye chombo cheupe.

Anzia kwenye vyombo vya maji, wala si kwenye nyasi. Kufyeka uwanja huwapunguzia mbu wazima maficho ya mchana, lakini hakuondoi hata zalia moja, kwa kuwa mbu hazaliani pasipo maji. Aedes aegypti, mbu mwenye mabaka meupe miguuni ambaye huuma mchana na kueneza dengue na chikungunya, hutaga hasa katika maji tuliyoyakusanya au kuyasahau sisi wenyewe: pipa la bafuni, simtanki lisilofunikwa, kisahani cha chungu cha maua, trei iliyo nyuma ya friji, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, mfereji wa paa ulioziba kwa majani. Jina chikungunya lenyewe limetoka katika Kimakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huko kusini mwa Tanzania.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hugandisha mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji yalipoishia, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa na kuanguliwa maji yanapopanda tena. Kwa hiyo sugua kuta za pipa kwa brashi na sabuni kabla ya kulijaza upya. Si haki kuiambia familia inayopata maji ya bomba mara mbili kwa wiki iyamwage, bali ifunike pipa kwa mfuniko unaobana, au kwa kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba pasipo kuachwa upenyo. Kwenye simtanki, kagua pia bomba la kutolea maji yanayofurika, ambalo husahauliwa mara nyingi, na ulifunge wavu.

Culex, mbu anayeweza kueneza matende na mabusha, hupenda maji machafu ya makaro, mitaro iliyotuama na vyoo vya shimo. Ziba nyufa za karo kwa saruji na ufunge wavu juu ya bomba la hewa. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1988 vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea na kufunika maji yote, huku wakazi wakipewa dawa ya matende, na mbu wakapungua sana. Usimwage oili chafu ili kuua viluwiluwi, kwa kuwa huharibu udongo na maji ya visima.

Anopheles wa malaria kwa kawaida hutafuta maji yaliyo wazi kwa jua: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, visima vifupi vya bustani za mchicha. Fukia yale usiyoyahitaji. Kiluwiluwi wake hulala sambamba na uso wa maji, ilhali wa Aedes na Culex huning'inia kichwa chini. Ukimwona huyo aliyelala ndani ya tangi, mwarifu afisa afya wa kata, kwa sababu Anopheles stephensi, mbu wa asili ya Asia aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na baadaye Ethiopia na Kenya, huzaliana katika matangi ya mijini.

Maji yenye viluwiluwi yamwage juu ya udongo mkavu unaopigwa na jua, kamwe si mtaroni, ambako wataendelea kukua. Andika ulipowakuta, na wiki ijayo uanzie hapo.