Gari kuukuu halipandi mlima: ni moteri au ni bwati (giaboksi)?

Naandika mara moja, kesho mtu akiniuliza nimwonyeshe hapa. Moteri inalia, mwendo hauji, basi mwenye gari anakimbilia bwati ya okazi (iliyokwisha tumika). Pima kwanza. Haya ni ya Toyota za zamani za petroli, zenye bwati otomatiki na kijiti cha kupimia.

1. Mafuta ya moteri na maji ya radiateri: tazama asubuhi, moteri ikiwa baridi.

2. Moshi. Wa buluu, moteri inakula mafuta. Mweupe mzito usiokoma hata moteri ikipata moto, maji yanaingia ndani. Mweusi, anza na filta ya hewa. Kwa vumbi letu la lava hapa Goma huziba upesi.

3. Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Moteri iwe na moto, bujii (plagi) zote nje, petroli na umeme wa bujii vikatwe, pedali ya mafuta chini kabisa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kipimo husoma pungufu kwa asilimia 15 hivi. Kitabu cha gari kikisema bar 12, hapa bar 10 si ugonjwa. Linganisha silinda kwa silinda. Iliyo chini, itilie kijiko kidogo cha mafuta ya moteri: ikipanda, ni ringi za pistoni, isipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa cha moteri. Mbili za jirani zikishuka pamoja, shuku gasketi.

4. Mafuta ya bwati. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Endesha mpaka bwati ipate moto, nyuzi 70 hadi 80. Simama mahali tambarare, moteri iendelee kuzunguka, mguu kwenye breki. Pitisha gia zote kutoka P hadi L, tulia kidogo kila mahali, rudi P. Chomoa kijiti, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa, soma upande wa HOT. Ukipima moteri imezimwa, mafuta ya konverta (kiungo kati ya moteri na bwati) hurudi chini: kijiti kinasema yamejaa, kumbe hayatoshi, na diski za klachi ndani ya bwati zinaungua. Wala usizidishe, yakipita alama hupigwa povu, na povu halishiki presha. Ongeza robo lita kwa robo lita. T-IV na WS, aina mbili za mafuta ya bwati, hazichanganywi! Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: weusi laini wenye harufu ya kuungua ni diski, kinachong'aa ni chuma.

5. Jaribio la kubana: moteri inavuta, gari limezuiwa. Hatua ya 4 iwe imekamilika. Ziba magurudumu manne, vuta breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu, mtu asisimame mbele wala nyuma. Weka D, kanyaga mafuta hadi mwisho, soma mizunguko ya moteri, achia. Sekunde 5, basi! Pumzisha dakika 2 kwenye N, rudia kwa R. Mizunguko ikizidi ya kitabu kote kuwili, presha ya bwati ni ndogo: mafuta, chujio au pampu. D peke yake, diski za mbele. Ikiwa chini sana kote kuwili, moteri imechoka, au konverta.

Maswali mliyoniandikia, na majibu yangu:

Wa Ndosho: Fundi, langu halivuti. Bwati ni bei gani?
— Umepima nini?
Wa Ndosho: Bado.
— Anza na 1.

Wa Himbi: Nimepima kwenye Honda hivyo hivyo, kijiti kikavu.
— Nimeandika Toyota. Honda hupimwa moteri ikiwa na moto, mara tu baada ya kuizima.

Wa Bukavu: Shikamoo fundi. Nikipanda, maji yanatokota na sindano ya joto bado iko katikati. Inawezekana?
— Marahaba, umeuliza vizuri. Kwa mwinuko wetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha radiateri cha bar 0.9 ndicho kinachoyapandisha kupita 110. Mpira wake ukikauka, presha hutoka na maji yanachemka mapema. Moteri ikipoa kabisa, kifungue, tazama mpira na springi. Nunua chenye namba ile ile. Ukiweka cha 1.1 kwenye radiateri kuukuu, itapasukia kwenye maungio.