Herode yupi, Yakobo yupi? Namna ya kuwatenganisha watu wenye jina moja katika Biblia

Wayahudi wa karne ya kwanza walikuwa na majina machache yaliyopendwa, na watu wengi wakayachangia. Kwa hiyo usimtambue mtu kwa jina tupu. Andika jina juu ya ukurasa, tumia itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yanamotokea) kupata kila aya linamotokea, kisha mbele ya kila aya jaza mambo manne: ni mwana au ndugu wa nani, anatoka mji gani, ana cheo gani, na nani anatawala wakati huo. Cheo ndicho kielelezo dhaifu kuliko vyote. Marko 6:14 humwita Herode Antipa, mwana wa Herode Mkuu, mfalme, ingawa Roma haikumpa taji hilo.

Anza na akina Herode, maana wao ndio watakaokupa tarehe za wengine. Herode Mkuu alitawala kuanzia mwaka 37 KK hadi 4 KK. Ndiye wa Mathayo 2, aliyeua watoto wa Bethlehemu. Alipokufa, nchi iligawanywa kwa wanawe watatu. Arkelao alipata Uyahudi na Samaria, lakini Kaisari Augusto akamwondoa mwaka 6 BK na kuleta watawala wa Kirumi. Ndiyo sababu kesi ya Yesu Yerusalemu iko mkononi mwa Pilato, si mfalme. Antipa alitawala Galilaya na Perea hadi 39 BK: ndiye aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, na ndiye Pilato aliyempelekea Yesu, kwa kuwa Yesu ni Mgalilaya (Luka 23:7). Filipo alipata nchi za kaskazini-mashariki. Kisha yupo mjukuu wa Herode Mkuu, Agripa wa Kwanza, wa Matendo 12, aliyefia Kaisaria mwaka 44 BK, na mwanawe Agripa wa Pili aliyemsikiliza Paulo (Matendo 25 na 26). Kosa linalosikika hata mimbarani ni kusema Herode aliyemtafuta mtoto Yesu ndiye aliyemdhihaki siku ya kusulubiwa. Siku hiyo Herode Mkuu alikuwa amekwisha kaa kaburini zaidi ya miaka 30.

Sasa fungua tena Matendo 12. Aya ya 2, Yakobo anauawa kwa upanga. Aya ya 17, Petro akishatoka gerezani anaagiza Yakobo apashwe habari. Hakuna aliyefufuka hapo. Wa kwanza ni mwana wa Zebedayo, nduguye Yohana. Wa pili ni Yakobo ndugu wa Bwana (Galatia 1:19), aliyezungumza katika baraza la Matendo 15 na ambaye mwanahistoria Yosefo anaeleza kuuawa kwake mwaka 62 BK. Kanuni ni rahisi: Yakobo yeyote anayetenda jambo baada ya 44 BK hawezi kuwa mwana wa Zebedayo. Yupo pia Yakobo wa Alfayo, mmoja wa wale Thenashara, ambaye Biblia haisimulii tendo lake lolote akiwa peke yake. Neno “ndugu” Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti hawalifafanui sawa. Kwenye daftari liache kama lilivyoandikwa.

Filipo aliyembatiza Mkushi si mtume. Matendo 8:1 yasema mitume walibaki Yerusalemu wakati wengine wakitawanyika, kwa hiyo ni yule mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhudumu mezani (Matendo 6:5).

Kwa Mariamu Magdalene, shika Luka 8:2: alitolewa pepo saba. Mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 hakutajwa jina. Papa Gregori Mkuu ndiye aliyewaunganisha katika mahubiri ya mwaka 591, pamoja na Mariamu wa Bethania, na mafundisho hayo yakaenea sana huko Magharibi.

Miji nayo ina mitego. Antiokia walikoitwa Wakristo kwanza ni ya Shamu. Ile ya Matendo 13:14 ni ya Pisidia. Kaisaria ya Kornelio iko pwani, Kaisaria Filipi iko bara, chini ya mlima Hermoni.

Ukivuka Agano Jipya, ubini (jina la baba) hupotea na mji huchukua nafasi yake, basi usiuache kamwe. Klementi wa Roma ni wa mwisho wa karne ya 1, Klementi wa Aleksandria ni wa karne ya 2 na mwanzo wa ya 3. Eusebio wawili walikaa katika mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) uleule wa Nikea mwaka 325: wa Kaisaria aliandika historia ya kanisa, wa Nikomedia akambatiza Konstantino mwaka 337.