Namna ya kuangalia Supa Modo siku moyo mzito

Kuna siku umechoka mpaka roho, hutaki ushauri wa mtu wala mawaidha, unataka kitu cha kukupoza tu. Siku hizo mi naweka Supa Modo, muvi ya Kenya ya 2018 ya Likarion Wainaina, Kiswahili kibao, ina dakika kama 74 tu kwa hiyo hata ukianza saa tatu usiku unawahi kulala.

Ila usiiweke ovyo. Hakikisha bando linatosha kabisa maana ikianza kuzunguka pale katikati utamu wote kwisha, alaf kama unaangalia kwa simu zima meseji zote, na kanga iwe karibu ya kufutia machozi, sikutanii.

Jo ana miaka 9, anaumwa na hatapona, mama yake anamtoa hospitali anamrudisha kijijini. Unalijua hilo mapema kabisa, usikae kusubiri muujiza. Kwangu mimi hapo ndo penye dawa, haikudanganyi, kwa hiyo ikikuchekesha unacheka kweli. Jo anapenda masupahiro kupita kiasi, basi dada yake Mwix anaanza kumchezea kwamba na yeye ana nguvu, mwisho kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo.

Mara ya kwanza iache ikupeleke. Mara ya pili mwangalie mama. Mi mwanzo nilimwona mkorofi, mtoto akae ndani, apumzike, wakati Mwix anataka acheze, kumbe mama wa watu kajaa hofu tu. Simamisha hapo kidogo ujiulize, we kwa mgonjwa wako ni mama au ni Mwix? Mi nilivyokuwa namuuguza bibi nilikuwa yule mama mtupu, kila saa "bibi lala, bibi usitoke", na yeye alichotaka ni kukaa barazani aone watu wanavyopita.

Kama umefiwa na mtoto hivi karibuni iache kwanza, itakuwepo tu.

Ikiisha usirukie nyingine. Kaa kimya majina yapite, alaf mpigie mtu wako, ila angalia saa. Mi nilimpigia mama saa tano usiku, hata salamu hakuitikia, "Nani kafa?"