Saladi ya vikabichi vya Brussels vibichi, kwa jiko la Moshi

Jirani yangu anapikia wageni kwenye nyumba moja ya kulala wageni pale Soweto, Moshi. Mgeni kamwomba saladi ya vikabichi vya Brussels, vile vidogo vya duara vinavyoitwa Brussels sprouts kwa Kiingereza, naye akaja kwangu na mfuko mkononi: "Dada, hivi vinaliwa vibichi kweli?" Vinaliwa, na ni vitamu, ili mradi usivitendee kama kachumbari. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu mkono umeshazoea. Naandika hapa niliyomwelekeza.

Kununua

Gramu 500 zinatosha watu wanne hadi sita. Chukua vidogo, vigumu, vizito kuliko unavyotarajia, majani yamefumbata. Vyenye majani ya njano waachie wenyewe. Soko la Mbuyuni usilitegemee, uliza kwenye maduka ya mboga yanayouzia mahoteli, Moshi au Arusha. Ukikosa kabisa, nunua kabichi ndogo iliyofunga vizuri. Kabichi, sukuma wiki, brokoli na vikabichi hivi vyote ni mmea wa aina moja, tofauti ni sehemu tuliyozoea kula.

Kuosha

Menya majani ya nje, osha vikiwa vizima, kamwe si baada ya kukata. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Siki peke yake haitoshi, hata kama shangazi yako anaiamini. Mgeni anayeanza kupanda Kilimanjaro kesho kwa njia ya Machame hatakusamehe tumbo likimwendesha akiwa kambi ya Shira. Kisha vikaushe kwa kitambaa safi mpaka visidondoshe tone. Maji yakibaki, mafuta hayashiki.

Kukata

Kisu kikali na kibao. Najua wapo wanaokata sukuma wiki mkononi ikatoka kama nyuzi, nawavulia kofia, lakini kikabichi ni cha duara na kinateleza. Kikate katikati kwanza, ulaze upande bapa chini, ndipo uanze kukata nyembamba kutokea kwenye ncha kuelekea kitako. Ukifika kwenye kitako cheupe kigumu, simama, kitupe au kiweke kwa ajili ya supu. Kile ndicho kinachomfanya mtu atafune mpaka taya zichoke.

Blenda sitaki kuisikia: inakupa uji wa kijani. Grata nayo inaponda na kutoa maji. Kibao chenye wembe ni kizuri ukiwa na kinga ya vidole. Huna kinga, rudi kwenye kisu.

Kulainisha

Hapa ndipo saladi inapopona au inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye kachumbari tunatia chumvi nyingi kwenye kitunguu, tunafikicha, tunasuuza, tunakamua. Kwa kitunguu ni sawa, tunafukuza ukali. Ukifanya hivyo kwa vikabichi hivi, ladha yote inaenda na maji, unabaki na majani yaliyolegea yasiyo na kitu. Huku chumvi inaingia kidogo na haitoki.

Kwa gramu 500 weka nusu kijiko cha chai cha chumvi laini. Chumvi ya mawe isage kwanza, la sivyo mmoja atakula chumvi na mwingine majani. Chambua nyuzi kwa vidole ziachane, nyunyizia chumvi, kisha fikicha kwa mikono yote miwili kama dakika moja. Utaona kijani kinakoza na rundo linashuka. Likishuka kwa theluthi hivi, acha. Ukiendelea unatengeneza kitu kingine. Funika, subiri dakika 10.

Wakati huo chumvi inafanya kazi mbili: inavuta maji kutoka kwenye majani, ndiyo maana yanalainika, na inazima uchungu ulimini. Uchungu wenyewe ni wa asili ya mboga za ukoo huu, na ukali unaousikia puani baada ya kukata ni ndugu wa ule wa haradali: unatokea pale kisu kinapovunja jani. Usiogope harufu.

Sasa, mambo yanayobadilisha hesabu. Kama vikabichi ni vikubwa au vimekaa siku kadhaa, subiri dakika 20. Kama unatumia kabichi ya kawaida, ina maji mengi zaidi: baada ya dakika 10 inamisha bakuli umwage maji yaliyotoka, bila kukamua, na usiongeze chumvi kwenye mchuzi wa saladi. Kama utaweka jibini, punguza chumvi hii hadi robo kijiko, kwa kuwa jibini ina chumvi yake. Na onja kabla ya kwenda mbele. Jani likikunjika bila kukatika na bado linalia menoni, liko tayari. Halijafika? Fikicha nusu dakika nyingine. Usiongeze chumvi kwa hasira.

Mchuzi wa saladi

Vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, viwili vya maji ya limau, kijiko cha chai cha haradali, kijiko cha chai cha asali. Tia kwenye chupa ya jamu, funga, tikisa. Ukitumia ndimu badala ya limau, anza na kijiko kimoja na nusu. Mafuta ya zeituni ndiyo ya asili ya saladi hii, lakini mimi napenda ya alizeti yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo, yenye harufu yake. Isitoshe hayagandi kwenye friji kama ya zeituni.

Vya kuchanganyia

Wenzetu huweka jibini ngumu kama Parmesan, lozi, na tunda kavu. Bei yake hapa unaijua. Karanga za kukaanga zilizotwangwa nusunusu kwenye kinu zinatosha kabisa, korosho ukiwa na sherehe. Zabibu kavu kiganja kimoja. Parachichi lililoiva lakini bado gumu kidogo linashika nafasi ya jibini vizuri kuliko jibini za bei rahisi nilizoonja. Likate vipande, liingie mwishoni lisipondeke. Embe bichi lililokunwa ni zuri, ila likiwepo punguza limau.

Changanya mchuzi dakika chache kabla ya kula, karanga ziwe za mwisho kabisa zisilowe. Wageni wakichelewa, acha kila kitu pembeni: majani yenye chumvi yanavumilia saa kadhaa kwenye friji, yenye limau yanapoteza ukijani.

Mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aulize daktari wake kwanza, mboga hizi zina vitamini K nyingi. Wengine wasile sahani tatu usiku kama tumbo lao hujaa gesi.

Ikibaki, kesho yake ikaange haraka na mayai mawili. Usiongeze chumvi.