Transfa kesi: inavyofanya kazi na jinsi ya kuikagua kabla ya kuifungua

Transfa kesi ni kisanduku cha gia kwenye gari la fowili (linaloendeshwa na magurudumu yote manne), na hufungwa nyuma ya giaboksi. Inapokea mzunguko unaotoka humo na kuugawa: propela (shafti ndefu ya chini ya gari) moja huenda difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto), nyingine difu ya mbele. Upande wa mbele hupelekewa nguvu kwa cheni, au kwa gia tupu katika baadhi ya magari ya kazi nzito. Kwenye 4L (fowili ya mwendo wa chini) kuna gia za kupunguza mwendo, mara nyingi kati ya mara 2 na 4, ndiyo maana gari hutambaa polepole lakini linavuta sana.

Kwanza jua gari lako ni la aina gani. Transfa ya fowili ya muda (unayoiwasha inapohitajika), ikiwa 4H (fowili ya mwendo wa kawaida), hufunga propela zote mbili zizunguke sawasawa. Sasa, kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo ni lazima tairi fulani iteleze. Kwenye tope itateleza. Kwenye lami kavu inakataa, na mkazo wote unarudi kwenye cheni, shafti na gia. Usukani unakuwa mzito, gari linashtuka-shtuka, na liva inagoma kurudi 2H (nguvu nyuma tu). Usiilazimishe. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, mkazo ulegee, kisha jaribu tena. Transfa ya kudumu (fowili wakati wote) ina difu ya kati inayoruhusu propela mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti, hivyo lami haina shida nayo mpaka uifunge hiyo difu.

Ukiwa kwenye fowili, matairi yasiyolingana huleta mkazo huohuo hata barabara ikiwa imenyooka. Mawili mapya nyuma na mawili yaliyolika mbele yanatosha kuua transfa taratibu, na wengi hulaumu cheni.

Ukisikia kelele, sikiliza inatokea lini. Mlio unaosikika hata kwenye 2H, unaopanda na mwendo, mara nyingi ni beringi. Ukisikika kwenye 4H pekee, shuku cheni, difu ya mbele au msalaba wa propela (kiungo chake kinachopinda). Kishindo cha "taa!" unapokanyaga mafuta ukiwa kwenye fowili ni dalili ya cheni iliyolegea inayoruka meno, ukiiacha, inaweza kukwangua bodi ya alumini mpaka itoboke. Gia ikichomoka 4L mlimani, anza na marekebisho ya liva na fimbo zake, maana ni kazi rahisi. Foki (uma unaosukuma gia) iliyolika hukaguliwa baada ya kufungua.

Kama fowili haishiki kabisa, usikimbilie kushusha transfa. Simamisha gari mahali tambarare, zuia matairi, vuta breki ya mkono. Weka 4H, sogeza gari kidogo ili gia ziingiane, zima injini, liache kwenye gia ya kwanza (au P kwa otomatiki), inua tairi moja la mbele likae juu ya stendi ili matairi yasiishikilie propela, kisha zungusha propela ya mbele kwa mkono. Ikikataa kuzunguka, transfa imeshika na ubovu uko mbele: habu (vifungio vya magurudumu ya mbele), difu au waya zake. Ikizunguka bila kizuizi, angalia mota ya kubadilishia, fyuzi na sensa kabla ya gia zenyewe. Kumbuka pia kwamba transfa ikiwa N (fri), hata P haizuii gari kuserereka.

Oili mara nyingi hubadilishwa kila kilomita 40,000 hadi 50,000, mapema zaidi ukivuka maji. Fungua nati ya kujazia kwanza. Ikigoma, hujamwaga kitu. Kisha fungua ya chini, mwaga oili ikiwa ya moto kiasi, na uitazame. Rangi ya maziwa ni maji. Unga laini kwenye sumaku ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu. Nyingi huchukua lita 1 hadi 2.5. Aina ifuate kitabu cha gari bila kubahatisha: baadhi zinataka oili ya gia 75W-90, nyingine ATF (oili ya giaboksi otomatiki).

Ikimwagika nyingi kuliko kipimo huku giaboksi ikipungukiwa, sili (mpira wa kuzuia oili) iliyo kati yao imeharibika. Sili ya nyuma ikivuja tena muda mfupi baada ya kubadilishwa, tikisa propela: bushi (pete inayoishikilia) iliyolika huiyumbisha, na sili mpya nayo itakatika.