Kugumisha uso wa 316L bila kupoteza kinga ya kutu

Fundi mmoja aliniuliza kwa nini vibano vyake vya 316L (aina ya chuma cha pua, kisichoshika kutu) havigumuki hata akivipasha vikawa vyekundu na kuvitumbukiza kwenye mafuta. Kwa njia hiyo havitagumuka kamwe. Mbinu hiyo ni ya 420, aina nyingine ya chuma cha pua, ile ya mikasi ya upasuaji. 316L hugumuka kwa kuingiziwa naitrojeni usoni kwa joto la chini. Natumia tanuri la plazima, yaani gesi iliyotiwa umeme mpaka ikawaka. Bafu la chumvi iliyoyeyushwa silipendi, kusafisha baadaye ni adha tupu.

1. Ng'arisha, osha kwa asetoni, vaa glavu.

2. Vuta hewa yote kutoka tanurini, kisha washa plazima ya haidrojeni na agoni. Utando wa oksidi ya kromu unaozuia kutu ndio huohuo unaoizuia naitrojeni kupenya, kwa hiyo lazima ubanduliwe kwanza.

3. Ingiza naitrojeni robo, haidrojeni robo tatu, upandishe joto hadi nyuzi 420 za Selsiasi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukivuka 450, kromu huanza kushikana na naitrojeni na kuwa chembe za naitraidi. Kipimo cha ugumu bado kitakufurahisha, ila kromu ya kukinga kutu imeshatumika, na kifaa kitaota madoa ya kutu kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke.

Usiamini themokapo (kipima joto cha waya) ya ukutani mwa tanuri. Toboa kipande cha majaribio cha chuma hichohicho, chenye unene wa vifaa vyako, ingiza themokapo ndani yake na ukiweke katikati yao. Vyembamba hupata moto kuliko vinene, basi usivichanganye kwenye mzigo mmoja. Chungulia dirishani pia: mwanga wa zambarau uwe umevifunika vifaa sawasawa. Tundu likiwaka kuliko sehemu nyingine, hapo pameshapita joto. Zima, uzibe matundu kwa skrubu za 316L, uanze upya. Vifaa vilivyokunjwa bila kupashwa moto mimi huvishushia hadi 400.

4. Saa 15 hadi 20. Vipoe humohumo kwenye ombwe.

5. Kata kipande cha majaribio, king'arishe, kipake asidi ya kuchonga, ukitazame kwa hadubini. Tabaka zuri, la mikroni 10 hivi, hubaki jeupe. Ugumu uzidi 1000 kwa kipimo cha Vickers, kinachokandamiza ncha ya almasi usoni, wakati ndani ni kama 200. Kandamiza kwa uzito wa gramu 25. Uzito mkubwa hupenya tabaka na kukusomea chuma laini cha chini. Tabaka likiwa na weusi, kundi zima lisitoke karakana: asidi ya naitriki, ile ya kurudisha utando wa kinga, haitarudisha kromu iliyokwisha kunaswa na naitrojeni.